Wifi, Suti ya Zombo Niliiuza Mimi

Mpendwa wifi yangu Mwajuma,

Wiki hii nimekupigia mara nyingi, simu inaita mpaka inakata. Sikulaumu. Ningekuwa wewe nami nisingepokea. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia hapa, kwenye ukurasa tuliouanzisha pamoja, ijapokuwa najua wateja wetu nao watasoma. Uongo wangu uliwekwa hapahapa mbele yao, kwa hiyo si haki ukweli nikuletee wewe peke yako sikioni.

Wengi wao wanakufahamu kwa sura. Mimi hawanijui, kwa sababu siku zote nilikuwa nyuma ya simu nikipiga picha na kujibu meseji. Wewe ndiye uliyevaa nguo. Kwao, duka hili lilikuwa wewe. Jambo hilo nililiona dogo mpaka siku lilipokugharimu.

Nilipoolewa na kaka yako Hamisi nikaletwa hapa Kilosa, nilikuja na woga. Watu walishanijaza maneno kuhusu mawifi. Siku ya kwanza ulipofika kutoka Mikumi nilipiga goti nikakuamkia shikamoo, maana umenizidi miaka mitano. Hukuitikia. Ulinitazama tu, nikajua mambo yameanza. Tulipokuwa wawili jikoni ukaniambia, "Shikamoo mpe mama mkwe wako. Mimi na wewe tukianza hivyo, tutataniana saa ngapi?" Nilicheka mpaka mwiko ukanidondoka. Tangu siku hiyo woga ukaisha.

Wakati ule ulikuwa umeshaachika, umepanga chumba nyuma ya gesti moja pale Mikumi, na unauza mitumba kando ya barabara kuu. Turubai lako ulilitandaza jirani na maegesho ya malori. Madereva walinunua suruali na makoti ya baridi ya Iringa na Mbeya, lakini magauni yalibaki. Uliyafunga jioni na kuyafungua asubuhi, yaleyale. Mimi nilikuwa nauza kwenye duka la vyombo hapa Kilosa, na mwenye duka alipofunga nikabaki nyumbani na mtoto, simu na muda mwingi. Nilipokwenda Mikumi kukutembelea nikayaona yale magauni, nikasema, "Wifi, tuyauze mtandaoni."

Ukasema, "Nani atanunua nguo asiyoishika?"

Nilikuonyesha kurasa za watu wa Dar es Salaam na Morogoro wanaouza, ukazitazama kwa heshima kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kesho yake asubuhi tulikuwa tunachambua belo jipya la mitumba, umepiga magoti katikati ya nguo, ukaacha kazi ghafla. "Nimewaza," ukasema. "Kama yeye hawezi kuishika, basi tumshikie sisi."

Hapo ndipo kilipoanza kile kidole. Ulisema mnunuzi wa mtumba akisimama mbele ya turubai kazi yake ya kwanza ni kutafuta kasoro. Anageuza kola, anavuta zipu, anaangalia kwapani na kuinyoosha nguo juani atafute tundu. Basi sisi tutafute kwa niaba yake, na tulichokiona tumwonyeshe. Kila gauni tulilipiga picha umelivaa, halafu tukapiga picha nyingine ya kasoro yake, kidole chako cha shahada kikiigusa. Kifungo kimekosekana, kidole. Doa la chai kwenye pindo, kidole. Ikiwa nguo haina kasoro yoyote, ulikunja ngumi na kuiweka juu ya nguo, maana yake hakuna cha kuonyesha.

Nilidhani tutafukuza watu. Nguo ya kwanza kuondoka ilikuwa gauni la kijani lenye mshono uliofumuka ubavuni, na aliyelinunua alikuwa mama mmoja wa Dodoma. Alituandikia kwamba amenunua kwa sababu ya ule mshono. Alisema kila ukurasa anaouona nguo zake hazina dosari hata moja, na yeye si mtoto. Tulimshonea ule mshono kabla ya kumtumia. Tulilifunga gauni kwenye gazeti, halafu kwenye mfuko wa nailoni, tukaandika namba yake kwa kalamu nene na kumkabidhi kondakta wa basi. Basi lilipoondoka ulibaki umelikazia macho hadi likapotea kwenye ile kona ya kuelekea mbugani. Ukaniambia, "Leo nimeuza mahali ambapo sijawahi kufika."

Tulijifunza mengi kwa makosa. Tuligundua namba ya saizi iliyoandikwa kwenye nguo haina maana, kwa hiyo ukanunua futi ya fundi cherehani na tukaanza kuandika vipimo vya kifua, kiuno na urefu. Tuligundua picha ya saa saba mchana inafanya bluu ionekane nyeusi, tukawa tunapiga asubuhi kwenye ukuta mweupe wa gesti kabla wageni hawajaamka. Unakumbuka siku nyani alipoichukua kofia ya mtoto juu ya boksi akapanda nayo ukutani? Nilitaka kulia. Wewe ukasema, "Piga picha." Tuliiposti na nyani wake, na ilipoangushwa ikanunuliwa siku hiyohiyo na mtu wa Ifakara, baada ya wewe kuifua mara mbili na kumwambia wazi kwamba nyani ameivaa.

Halafu duka moja la viatu hapa Kilosa likawa linafunga, tukachukua viatu vipya vilivyobaki na kuviuza pamoja na mitumba. Kukawa na faida ya kueleweka. Tuliongeza mabelo. Nikawa nachukua nguo nyingine na kuzipigia picha nyumbani kwangu Kilosa, ili nisiende Mikumi kila siku na mtoto mgongoni. Hapo, wifi, ndipo nilipoanza kuharibika, na sikujua kwamba ninaharibika. Nilidhani ninaendelea.

Nilikuwa naangalia kurasa za wenzetu kila siku. Picha zao zilikuwa safi, hazina vidole. Nikaanza kuona kidole chako kama kitu cha kishamba. Mwanzoni niliiweka picha ya kasoro mwishoni kabisa, mahali ambapo watu wengi hawafiki. Baadaye nikawa naikata pembeni, kasoro ibaki nusu. Uliniuliza mara moja, "Mbona ile sketi hukuonyesha doa?" Nikakujibu kwamba mtandao ulikuwa mdogo, picha imegoma kupanda. Ulikubali. Ulikuwa unaniamini kuhusu simu kama mimi nilivyokuamini kuhusu nguo.

Ile suti ilitoka kwenye belo la makoti. Bluu iliyokolea, ya kupendeza, vifungo vyote vipo. Uliigeuza suruali yake, ukakivuta kitambaa cha nyuma kidogo kwa vidole viwili, ukasikiliza. Nakumbuka ulivyosikiliza, kama mtu anayegonga nazi. Ukasema kitambaa kimechoka, nyuzi zimeoza, kwa macho huoni lakini mtu akichuchumaa itamfia. "Koti tutauza peke yake," ukasema. "Suruali nitaikata vitambaa." Ukaviweka vyote kwenye mfuko wangu, koti nilipigie picha, suruali niipeleke Kilosa kwa fundi atoe vifungo.

Siku tatu baadaye meseji ikaingia. Kijana wa Zombo, jina lake Emanueli, anaoa Jumamosi. Alitaka suti ya bluu, akataja vipimo vyake, na vilikuwa vilevile. Aliandika, "Dada, naomba mnisaidie. Nawaamini nyinyi kwa sababu ya kile kidole."

Niliisoma meseji ile mara mbili. Sitasema shetani alinipitia. Nilikuwa na akili zangu. Nilijiambia kwamba suti ya harusi inavaliwa siku moja, tena mtu anakuwa amesimama. Nilijiambia kwamba nikimkosesha ataenda kwa mwingine, na mteja akiondoka harudi. Niliipiga pasi, nikaitundika mbele ya lile pazia la maua chumbani kwangu, nikaipiga picha kwa mbele. Halafu nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kujificha. Alipouliza kama ina kasoro, nilikunja ngumi yangu mimi, nikaiweka juu ya suti, nikapiga picha na kumtumia.

Koti halikuwa na shida. Suruali ilimchanikia kanisani, alipopiga magoti mbele ya padri, kutoka kiunoni hadi nyuma ya goti. Watu walicheka. Ndugu wa bibi harusi hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimalizia ibada yake amefungwa kanga ya shangazi yake kiunoni, na kuna mtu aliyerekodi.

Jumatatu walikuja Mikumi, yeye na kaka zake wawili. Hawakunitafuta mimi, maana mimi sikuwa na sura. Walikuja moja kwa moja kwenye turubai lako. Walikuita mwizi na tapeli mbele ya madereva, mbele ya mama wa chapati na wale wauza viatu mliokula nao mchana kila siku. Ukanipigia simu, ukaiweka kwenye spika ili wasikie.

Hamisi alikuwa amekaa karibu yangu anakula. Nilisikia sauti za wanaume nyuma yako. Ukaniuliza, kwa upole kabisa, "Wifi, ile suti ya bluu, uliiuza wewe?"

Nikasema, "Hapana wifi. Mimi sikuuza suti. Labda ulichanganya mizigo mwenyewe."

Ukanyamaza. Nilikuwa nasikia malori yakipita. Kisha ukasema, "Sawa, wifi." Na kabla hujakata nikakusikia ukiwaambia wale watu, "Basi ni mimi. Naombeni mnisamehe."

Hamisi akaniuliza kuna nini. Nikamwambia ni mteja tu msumbufu.

Baada ya hapo nilingoja ugomvi. Nilijiandaa kabisa na maneno ya kujitetea, nikayapanga kichwani kama nguo kabatini. Hukugomba. Ulinitumia nguo mbili tatu zilizobaki kwa mtu wa bodaboda, na futi ya kupimia ndani yake. Nilisikia kwa watu kwamba wenzako pale barabarani walianza kukuita tapeli wa mtandaoni, kwanza kwa utani, baadaye bila utani, na kwamba madereva nao walianza kununua kwenye turubai la jirani. Miezi miwili haikuisha ukakusanya vitu vyako ukasema unakwenda Makambako, kuna rafiki yako anapika chakula stendi. Kaka yako aliniambia twende Mikumi tukakusindikize. Nikasema mtoto ana homa. Hakuwa na homa, wifi. Alikuwa nje anacheza na matope. Hamisi alikwenda peke yake, akarudi, akasema umemwambia, "Msalimie wifi."

Ningependa kukuambia kwamba biashara ilinifia mikononi baada ya wewe kuondoka, maana hivyo ndivyo watu wanavyopenda mambo yaishe. Haikufa. Nilifuta picha zako taratibu, nikaweka mwanasesere wa dukani wa kuvalisha nguo, na wateja wapya wakaja ambao hawakukujua. Nilinunua meza ya vioo. Watu wa mtaani wakawa wananiletea mabinti zao niwafundishe jinsi ya kuanza, nami nilikuwa nawafundisha. Nilikuwa nawaambia, onyesheni kasoro, msifiche. Niliyasema maneno yako kwa mdomo wangu, wakaniona nina busara.

Na kila mara kaka yako alipoongea nawe kwenye simu alimaliza kwa kuniambia, "Mwajuma anakusalimia." Hukuwahi kusema, mpe simu niongee naye. Salamu tu. Mtu mwingine angeona hakuna tatizo. Mimi nilijua kwamba umefunga mlango taratibu ili kaka yako asisikie kishindo.

Kilichoniamsha ni jambo dogo. Mwezi uliopita mama mmoja wa Msowero alipokea koti akakuta limechanika bitana. Safari hii kweli sikuliona. Alinipigia akaniita tapeli. Tulikuwa wawili tu kwenye simu, hakuna aliyesikia, akatulia baada ya dakika chache na nikamrudishia chake. Lakini neno lile lilikaa nami. Nilipika chai nikaiacha ikapoa. Siku ya tatu bado linanizunguka, ndipo nikakufikiria wewe, uliyeitwa hivyo mchana mzima, mbele ya watu waliokujua kwa jina, kwa kosa ambalo hukulifanya.

Nikachukua bodaboda nikaenda Zombo.

Nilimkuta Emanueli na mkewe Sesilia wanapukuchua mahindi uani. Wana mtoto sasa. Nilijitambulisha kwamba mimi ni wifi yake yule dada wa Mikumi, nikawaambia bila kuzunguka kwamba suti niliiuza mimi, nikijua imeoza, na ile ngumi ilikuwa yangu. Nilidhani atanifukuza. Aliendelea kupukuchua, akasema, "Tunajua."

Nikamuuliza wanajuaje.

"Siku ile pale Mikumi," akasema, "kabla hajakupigia simu, nilimwonyesha ile picha uliyonitumia. Aliiangalia kwa muda mrefu. Akasema, hili pazia nilishona mimi. Nikamuuliza, kwa hiyo? Ndipo akakupigia. Yaliyobaki tulikuja kuyaelewa baadaye."

Wifi, nilikaa chini palepale kwenye maganda ya mahindi. Miaka yote hii nilidhani uliniuliza kwa sababu hukujua. Nilijifariji kwamba huenda uliniamini, huenda ulidhani kweli ulichanganya mizigo. Pazia lile ulinishonea wewe; kumbe uliniuliza ukiwa unajua. Ulikuwa umeshikilia jibu mkononi mwako, na ungeweza kuligeuza na kuwaonyesha wale wanaume, wangepanda pikipiki zao wakanifuata Kilosa. Badala yake uliniuliza. Ulinipa nafasi ya kusema neno moja, nami nikaitumia kukusukuma.

Sesilia akaniambia mengine ambayo hukuwahi kumwambia mtu nyumbani. Kwamba ulikuja Zombo wiki ileile ukakaa na mama yake, na alipokataa kukusikiliza ukarudi tena. Kwamba mara ya tatu ulikuja na suti nyeusi, umeikagua na kuipiga pasi mwenyewe, na ukawaomba wavae wapige picha upya nje ya kanisa, ili wasibaki na ile ya kanga tu. Sesilia alivaa gauni lake tena. Picha ipo ukutani sebuleni kwao. Wewe ndiye uliyeipiga, kwa simu yako ndogo, imepinda kidogo upande. Nilisimama mbele yake nikaitazama. Wanacheka wote wawili, na nilijua wanamcheka mpiga picha.

Nilimwomba Emanueli msamaha. Alisema yeye alishasamehe siku ile ya suti nyeusi, na kwamba mimi nimekosea njia, hapa sipo ninapotakiwa kuja.

Niliporudi nilimweleza Hamisi kila kitu. Sikupunguza. Kaka yako unamjua, hana hasira za haraka. Alinisikiliza mpaka maji yake ya kuoga yakapoa. Akasema, "Mimi nilimruhusu dada yangu aondoke Mikumi nikidhani ameshindwa biashara. Nilimwambia ajifunze kuwa mwangalifu." Halafu akaenda kulala chumba cha mtoto. Yuko huko mpaka leo. Tunaongea, lakini kwa yale ya lazima tu.

Sikuandikii ili urudi. Nimesikia unapika vizuri pale stendi na watu wanakupenda, na baridi ya Makambako umeizoea. Sikuombi hata unijibu. Wanaosoma hapa nawaomba tu wajue: mlioambiana kwamba yule dada wa Mikumi ni tapeli, mlidanganywa. Hakuwahi kuuza nguo asiyoijua. Aliyeuza ni huyu aliyekuwa anawajibu meseji zenu kwa maneno matamu, "karibu mpendwa mteja."

Najuta kwa Emanueli, na kwa siku ya homa ya uongo. Ila kinachonirudia zaidi ni ule ukimya wako kwenye simu kabla hujasema "sawa." Ulikuwa mrefu, ningeweza kuutumia wote kusema ukweli. Nilikuwa nausikia unaningoja, na sikusema.

Jana Hamisi alikuwa anaongea nawe, nikapita karibu yake nikamwambia kama nilivyozoea, "Mwambie namsalimia." Akaweka mkono juu ya simu akasema, "Salamu zako sizibebi tena. Mpelekee mwenyewe."

Basi nimekuletea mwenyewe, wifi. Hujambo huko? Mtoto amekua, anaulizia shangazi yake. Mimi nipo, na ukiamua siku moja kupokea simu, hata iwe ni kunigombeza, sitakata.

Ni mimi wifi yako, mke wa kaka yako,
Kilosa.